Kushusha Sakafu ya Nyuma Ili Kufika Shambani

Mazungumzo kwa wakazi wa Riruta kuhusu veranda, vidato na maji ya mvua



Mazungumzo haya yanahusu kitu kidogo kilicho nyuma ya nyumba nyingi za mtaa huu: vile vidato viwili au vitatu vya konkriti kati ya mlango wa jikoni na kashamba. Aliye na miguu mizima huviruka bila hata kuviona, akiwa na karai mkononi na simu sikioni. Lakini shosho aliyevunjika nyonga mwaka jana huviona vizuri sana. Huviona pia mzee aliyepatwa na kiharusi, mama anayetumia kiti cha magurudumu, na kijana aliyeumia kwenye bodaboda ambaye sasa anatembea kwa magongo. Sukumawiki iko mita tano kutoka mlangoni, managu imeota yenyewe kando ya mgomba, nao hawawezi kufika. Wajukuu wakiwa nyumbani, kiti hubebwa. Wakienda shule, mwenye shamba hukaa mlangoni akiangalia kuku wa jirani wakichakura miche yake.

Jambo hili lisidharauliwe. Kwa familia nyingi za Riruta, kipande hicho cha udongo mwekundu ndicho kilichobaki cha shamba la ukoo baada ya kugawiwa na kujengwa nyumba za kupangisha. Mboga yake hupunguza gharama ya jioni, na kazi yake humpa mtu mzima sababu ya kuamka. Kilimo cha namna hiyo hakina haja ya kufichwa pia, kwa kuwa Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini mwaka 2015.

Basi familia inapoketi kuzungumza, mara nyingi wazo la kwanza ni kuivunja sakafu na kuishusha. Fundi huitwa, akaangalia, akataja bei, na Jumamosi nyundo inaanza. Hapo ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu nyundo imetangulia kipimo.

Kwanza ni vizuri kuelewa kwa nini sakafu iko juu. Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yako hapo karibu, Dagoretti Corner, na mvua inayopimwa pale ni karibu milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake ikianguka kati ya Machi na Mei, kisha tena kati ya Oktoba na Desemba. Paa la upana wa mita 8 kwa urefu wa mita 10 likinyeshewa milimita 30 kwa alasiri moja humwaga lita 2,400 za maji. Hayo ni mapipa kumi na mawili ya lita 200, na yote huangukia kando ya ukuta ikiwa paa halina mifereji. Aliyejenga nyumba aliinua sakafu ili maji hayo yapite nje, yasiingie jikoni. Kidato kinachomsumbua shosho ndicho kinachozuia maji yasifike chini ya kitanda chake.

Kuna sababu ya pili isiyoonekana. Mawe ya kuchongwa yanayojengea nyumba nyingi za Nairobi hufyonza maji, na maji hupanda ndani yake kama chai inavyopanda ndani ya mandazi. Ili kuyazuia, fundi hulaza utepe mweusi juu ya ukuta wa msingi, ule unaoitwa DPC, na huuweka angalau sentimita 15 juu ya udongo wa nje. Utepe huo ukifunikwa na udongo, au sakafu ikashushwa chini yake bila kinga nyingine, unyevu hupata njia. Rangi hutoka magamba, godoro hunuka, na mwenye pumu hakosi kulalamika.

Sasa hesabu. Hesabu hii ndiyo kiini cha jambo zima, na haihitaji mhandisi.

Tuseme sakafu ya jikoni iko sentimita 45 juu ya udongo wa shamba. Hivyo ni vidato vitatu vya sentimita 15. Nje ya mlango kuna veranda ya konkriti iliyo sawa na sakafu ya jikoni, kisha vidato vinashuka kutoka ukingoni mwa veranda. Fundi anasema ataishusha veranda yote hadi usawa wa udongo, na kazi imekwisha. Imekwisha kweli? Zile sentimita 45 hazikwenda popote. Zilikuwa ukingoni mwa veranda, sasa ziko kwenye kizingiti cha mlango, mahali pabaya zaidi, kwa maana pale mtu anashika kitasa huku akitafuta pa kukanyaga. Familia imelipa ili kidato kihamishwe.

Vivyo hivyo kwa anayeamua kuchimba sakafu ya jikoni yenyewe. Kidato kitaingia ndani, kitasimama kati ya jikoni na sebule, na shosho ambaye hakuweza kutoka nje sasa hataweza hata kufika kwenye jiko. Urefu kutoka sakafuni hadi shambani haupotei kwa kuvunja. Dawa yake ni kuunyoosha, yaani kuutandaza juu ya umbali wa kutosha hadi mtu au gurudumu lisiusikie.

Kipimo kinachotumika mahali pengi duniani ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kushuka itandazwe juu ya sentimita 12 za kwenda. Kwa sentimita 45, hiyo ni njia ya mita 5.4. Mkali zaidi ya hapo, anayesukuma kiti atachoka na anayejisukuma mwenyewe atarudi kinyumenyume. Mita 5.4 zinasikika nyingi kwa kiwanja cha Riruta ambamo kila futi ina kazi yake. Lakini hapa ndipo kushusha sakafu kunapopata maana yake halisi, kwa sababu veranda yenyewe ina urefu, na urefu huo unaweza kugeuzwa kuwa njia.

Chukua veranda inayokwenda sambamba na ukuta wa nyuma, urefu mita 5.5 na upana mita 1.2. Mita 1.5 za kwanza, mbele ya mlango, zinabaki kama zilivyo, sawa kabisa na sakafu ya jikoni, ili mtu afungue mlango na kugeuza kiti bila kuteleza. Ikiwezekana sehemu hiyo ipanuliwe ifike mita 1.5 kwa 1.5, kwa kuwa kiti cha magurudumu hakigeuki mahali pembamba zaidi ya hapo. Mita 4 zinazobaki zinavunjwa na kumwagwa upya kwa mteremko. Kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, zinashuka sentimita 33. Zimesalia sentimita 12 tu, ambazo njia ya udongo ulioshindiliwa au ya konkriti ya mita 1.4 hivi inazimaliza ndani ya shamba lenyewe. Nafasi iliyoliwa kwenye shamba ni ndogo kuliko kitanda cha mtoto.

Kupima kimo si kazi ngumu. Mafundi wetu hutumia mrija mrefu wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Mtu mmoja hushika ncha moja mlangoni, mwingine hushika ya pili shambani, na maji hukaa usawa mmoja pande zote mbili. Tofauti ya kimo husomwa kwa futikamba. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na ifanywe kabla ya bei kuzungumzwa. Ipimwe mahali kadhaa, kwa kuwa viwanja vya Riruta vingi vina mteremko, na huenda kona moja ya shamba iko sentimita 20 juu kuliko nyingine. Kuielekeza njia kwenye kona ya juu kunaweza kuokoa nusu ya gharama.

Je, kuna nyumba ambayo inafaa kushushwa sakafu ya chumba? Ipo. Nyumba nyingi hapa zilijengwa kwa awamu. Sebule na vyumba viwili kwanza, kisha jikoni likaongezwa nyuma miaka kadhaa baadaye, na fundi wa pili hakufuata kimo cha fundi wa kwanza. Matokeo ni jikoni lililo juu kuliko sebule kwa kidato kimoja, halafu vidato vitatu vya kutoka nje. Hapo mtu anapanda ili ashuke. Kuishusha sakafu ya jikoni iwe sawa na ya sebule kunaondoa kidato cha ndani na kupunguza cha nje kwa pamoja, na hiyo ni faida ya kweli. Sharti ni kwamba, baada ya kushushwa, sakafu ibaki juu ya udongo wa nje kwa sentimita 15 au zaidi. Isipotimia, jikoni liachwe.

Kabla ya kuvunja chochote, ni lazima kujua kilicho chini. Mahali hapa panastahili subira, kwa sababu ndipo pesa hupotea, na wakati mwingine hata maisha.

Kwanza paa. Kama veranda ina nguzo zinazobeba paa, nguzo hizo zinasimama juu ya kitu. Zikiwa zimesimama juu ya sakafu ile ile inayovunjwa, paa litakuja nayo. Nguzo za muda za mbao ngumu zikitwe kwanza, zifungwe vizuri, ndipo sakafu iguswe. Kila nguzo ya kudumu ipewe msingi wake mdogo wa konkriti chini ya udongo.

Pili ukuta. Fundi achimbe shimo dogo la kuchungulia kando ya ukuta wa nyumba, upana wa jembe tu, aone msingi unaishia wapi. Udongo mwekundu wa upande huu wa Nairobi ni wa bahati. Ni wa kina, na haufuri na kunywea kwa nguvu kama ule mweusi wa pamba wa Embakasi. Kwa sababu hiyo, wengi waliojenga hapa zamani waliridhika na msingi mfupi. Sakafu ya mteremko iliyoelezwa hapo juu haishuki chini ya usawa wa udongo wa asili, kwa hiyo msingi huwa salama. Hatari huanza pale mtu anapochimba chini ya usawa huo, labda kwa sababu anataka shamba lenyewe lishuke au mtaro mpana upite. Mahali hapo pasichimbwe kufika chini ya kitako cha msingi, wala karibu nacho. Ukuta ukikosa pa kukalia hauangushi barua kwanza. Walimwengu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa namna hii mwenye nyumba huwa ameuleta mwenyewe kwa mkono wake.

Tatu mashimo. Si kila sehemu ya Riruta ina bomba la majitaka, na viwanja vingi vimekuwa na vyoo vya shimo ambavyo vilijaa, vikafunikwa na kusahaulika. Kizazi kilichojua mahali shimo lilipo kimezeeka au kimeondoka. Veranda ya konkriti inaweza kuwa imelala juu ya shimo la zamani kwa miaka 30 bila tatizo, kwa vile chuma ndani yake kinaishikilia. Ikikatwa, chuma kinakatika, na kijana mwenye nyundo yuko juu ya uwazi wa mita kadhaa wenye hewa mbaya. Wazee waulizwe, majirani waulizwe, na sakafu igongwegongwe kwa mtaimbo kabla ya kuvunjwa. Mlio wa ngoma ni onyo. Shimo likipatikana, mtu yeyote asishuke ndani yake, hata kama kilichoanguka ni simu. Lijazwe kwa mawe na udongo uliokauka, lishindiliwe kwa tabaka, na kazi isimame hadi lijae sawasawa.

Mabomba na nyaya ni jambo fupi: maji yafungwe kwenye mita, umeme wa nje uzimwe, na mwenye nyumba aonyeshe mahali bomba la sinki linapopita. Karibu kila mara hupita chini ya veranda.

Kuhusu kazi yenyewe, mstari wa kukata uchorwe kwanza, kisha ukatwe kwa mashine ya diski, ndipo sehemu ya upande mmoja ivunjwe. Veranda nyingi zilimwagwa pamoja na sakafu ya nyumba, na wavu wa chuma wa BRC unapita kutoka moja hadi nyingine. Anayeanza kwa nyundo bila kukata hupeleka nyufa hadi chini ya kochi la sebuleni. Diski ipewe maji wakati wa kukata. Vumbi la konkriti kavu huharibu mapafu, na kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Buti, miwani na barakoa ya vumbi viwepo hata kama kazi ni ya siku moja.

Kwa veranda ya mfano, konkriti inayovunjwa ni uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, na udongo na mawe ya kuondolewa chini yake ni pungufu ya mita moja ya ujazo. Vifusi hivyo visitupwe mtaroni wala kando ya mto. Kila msimu wa mvua mitaro iliyozibwa kwa vifusi huingiza maji nyumbani kwa watu ambao hawakuvunja chochote, na waliokuwa Nairobi wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hawahitaji kukumbushwa. Isitoshe, vifusi ni mali. Vikipondwa hadi ukubwa wa ngumi, ndivyo vitakavyokuwa mawe ya kujazia chini ya njia mpya, ile tabaka mafundi wanaiita hadikoo.

Udongo ukishasawazishwa kwa mteremko unaotakiwa, ushindiliwe, utiwe dawa ya mchwa, uwekwe hadikoo na kufunikwa kwa tabaka jembamba la mchanga wa mawe. Juu yake ilazwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu, kisha wavu wa BRC ulioinuliwa kwa vijiwe ili uwe ndani ya konkriti, si chini yake. Wavu uliolala juu ya nailoni haufanyi kazi yoyote, na kosa hilo ni la kila siku. Konkriti ya unene wa sentimita 10, kwa kipimo cha simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne, itahitaji mifuko 4 hadi 5 ya simiti ya kilo 50 kwa njia yote. Maji yasizidi. Konkriti inayomiminika kama uji ni rahisi kulaza, lakini hukauka dhaifu na kupasuka.

Kati ya ukuta wa nyumba na konkriti mpya pawe na mwanya mdogo uliojazwa kitu laini chenye lami, ili kila kimoja kitanuke na kunywea bila kugombana na mwenzake. Uso wa njia usilainishwe kwa simiti kavu na mwiko hadi ung'ae, ingawa mafundi wengi huona fahari kufanya hivyo. Ufagiwe kwa ufagio mgumu ungali mbichi, kwa kukata upana wa njia, ubaki na mistari ya kushika gurudumu na mpira wa gongo. Sehemu ya ukuta iliyokuwa imefichwa nyuma ya veranda sasa iko wazi, kwa hiyo ipigwe plasta.

Halafu konkriti inyweshwe maji. Ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, yamwagiwe asubuhi na jioni kwa siku 7, bila kusahau Jumapili. Kutembea juu yake baada ya siku chache kunawezekana, lakini nguvu kamili huhesabiwa kwa siku 28. Shosho aliyesubiri mwaka mzima anaweza kuvumilia wiki hizo, na familia isimharakishe kwa sababu ya wageni.

Ukingo wa nje uinuliwe sentimita 10 ili gurudumu lisichungulie shambani, na uwekwe chuma cha kushikia, kimo cha sentimita 90. Kwa anayetembea kwa shida, chuma hicho kina thamani kuliko mteremko wenyewe. Wapo wazee wanaomudu vidato vifupi vyenye pa kushika vizuri kuliko mteremko mrefu, hasa wenye magoti mabovu wakati wa kushuka. Kwa hiyo kabla ya kuamua, mtaalamu wa tiba ya viungo anayemhudumia mgonjwa hospitalini aulizwe, na mgonjwa mwenyewe aulizwe kabla ya mtaalamu. Inashangaza mara ngapi nyumba hubadilishwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuulizwa hata neno moja.

Maji sasa. Njia mpya ishuke pia kidogo kuelekea upande wa shamba, sentimita 2 kwa kila mita ya upana, ili mvua isitulie ukutani. Paa liwekewe mifereji, na maji yake yapelekwe kwenye tangi. Lita 2,400 za alasiri moja ni mboga ya wiki nyingi za kiangazi. Mwisho wa mteremko, mahali maji yatakapokimbilia, pachimbwe shimo la mawe la kunyonya maji, mbali na ukuta na mbali na msingi wa jirani. Udongo mwekundu hunywa vizuri. Maji ya mvua yasielekezwe kwenye bomba la majitaka, wala kwenye kiwanja cha jirani wa chini, hata kama ukuta wa mpaka una tundu tayari. Kesi nyingi za majirani zinazofika kwa chifu zilianza na tundu kama hilo.

Kuna nyumba ambazo ushauri kwao ni kuiacha sakafu kabisa. Iliyo bondeni, karibu na mto au kwenye njia ya maji, haifai kupoteza hata sentimita moja ya kimo chake. Nyumba ya mabati au ya udongo iliyosimama juu ya ukingo wa konkriti inategemea ukingo huo. Na nyumba za safu zinazoshirikiana ukuta haziwezi kukatwa upande mmoja bila ya upande wa pili kujua. Huko njia ya mteremko ijengwe juu ya veranda iliyopo, au udongo wa shamba uinuliwe kuifuata nyumba, kwa sharti kwamba ubaki sentimita 15 chini ya DPC na umbali kidogo kutoka ukutani. Pengine shamba lenyewe lihamie verandani: magunia ya sukumawiki, madebe ya terere na dania, mabomba ya plastiki yaliyotobolewa ya stroberi. Ni shamba dogo, lakini mwenye nalo analifikia.

Upande wa sheria, mambo ni machache. Kuvunja sakafu iliyoshikana na jengo ni kubadilisha jengo, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaiachia kaunti kazi ya kutoa idhini ya ujenzi. Kwa hiyo ofisi ya mipango iulizwe mapema kama kazi inahitaji kibali na michoro, badala ya kusubiri kuulizwa na mkaguzi wakati vifusi viko nje ya geti. Mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, ikieleza nani analipa na kama mambo yatarudishwa yalivyokuwa akihama. Mwenye nyumba anayesita anaweza kukumbushwa kwamba Kifungu cha 54 cha Katiba kinatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kufika mahali pote kwa namna inayofaa, na kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilifanywa upya mwaka 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Lakini katika hali nyingi maelewano ya mezani hufika mbali kuliko barua. Nyumba yenye njia nzuri nyuma hupata mpangaji haraka, na hiyo ni lugha ambayo kila mwenye nyumba anaielewa.

Kuhusu fundi, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, huwatambua mafundi stadi na kuwapa vyeti, na hakuna ubaya kuomba kuona. Asilipwe pesa zote mwanzoni. Sehemu itolewe vifaa vikifika, nyingine konkriti ikimwagwa, na ya mwisho ishikiliwe hadi siku ya ndoo. Siku ya ndoo ni hii: konkriti ikishakomaa, ndoo nzima ya maji inamwagwa mlangoni mwa jikoni, na wote wanasimama kuangalia. Maji yakirudi ndani, au yakitulia katikati ya njia kama kidimbwi, fundi anarudia. Yakishuka yote, kiti cha magurudumu kinafuata, kwanza kikiwa kitupu, kisha na kijana mwenye uzito, kisha na mwenyewe, mtu mmoja akiwa nyuma yake.

Kule chini shambani matuta nayo yanataka kubadilishwa. Njia kati yake iwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, ishindiliwe kwa kokoto ndogo ili gurudumu lisizame baada ya mvua. Tuta la anayekaa kwenye kiti liinuliwe kwa mawe au mbao hadi sentimita 60 au 70, na upana wake usizidi sentimita 60 kama linafikiwa kutoka upande mmoja tu, kwa kuwa huo ndio urefu wa mkono wa mtu aliyeketi. Managu na sukumawiki zipandwe karibu na njia, kwa vile huchumwa mara kwa mara. Migomba na nduma, ambazo hazihitaji kuguswa kila siku, zikae mbali, kule maji ya mteremko yanakoishia.